Land Cruiser hardtop ya 1HZ: sifa yake kubwa ni kushuka

Watu wakiulizia hardtop, swali la kwanza ni mlima. Itapanda? Itapanda, hilo lisikusumbue. Injini ya 1HZ ni dizeli ya silinda 6, lita 4.2, haina turbo, na inavuta tangu chini bila kukanyagwa sana. Mimi naisifia jambo ambalo wauzaji hawaligusi: inavyoshuka.

Kazi yangu ni ufundi wa pampu za maji. Naishi Newala, juu ya uwanda wa Makonde, na aliyewahi kusimama Shimo la Mungu anajua ardhi inavyokatika ghafla kuelekea bonde la Ruvuma. Huku juu maji ni shida. Visima vingi ninavyohudumia viko chini, kwa hiyo kazi nayo iko chini. Nabeba jenereta, mabomba na mnyororo wa kuinulia pampu. Mvua zikishika, kuanzia Desemba mpaka Aprili, njia za kushukia zinakuwa utelezi mtupu, katikati zimechimbwa na maji. Ukiwa na mzigo nyuma, breki peke yake haitoshi. Ukiikanyaga kwa nguvu matairi yanafunga, na tairi lililofunga kwenye tope halisikii usukani. Ukiishikilia mteremko mzima inapata moto na kulegea.

Hapo ndipo kile kijiti kifupi cha pembeni ya gia kinapoonyesha kazi yake. Kina H2, H4, N na L4. H2 inapeleka nguvu nyuma tu, H4 inapeleka mbele na nyuma kwa mwendo wa kawaida. L4 inapitisha mzunguko kwenye gia nzito ndani ya transifa, yaani lile boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma: mwendo unapungua takribani mara mbili na nusu, na nguvu ya kuzungusha tairi inaongezeka kwa kiasi hichohicho. Weka namba moja, toa mguu kwenye klachi, usiguse mafuta. Gari linateremka taratibu kuliko mtu anayetembea, injini inalishika kupitia matairi yote manne. Breki inabaki ya akiba. Likianza kuserereka, mguu utataka breki; uzuie, gusa mafuta kidogo ili matairi yazunguke sawa na mwendo wa gari. Na klachi usiikanyage mpaka ufike chini, maana ukiikanyaga umeliachia gari lote.

Sharti ujipange kabla hujaanza kushuka. Habu za mbele za gari langu, vile vifungo vya katikati ya magurudumu vinavyoyaunganisha na ekseli, zinafungwa kwa mkono, lazima uteremke uzigeuze mpaka LOCK, zote mbili. H2 kwenda H4 unabadilisha hata gari likitembea, ilimradi usukani umenyooka. L4 simama kabisa, kanyaga klachi, ndipo usogeze kijiti. Kikigoma usikilazimishe, liache gari lisogee kidogo, ujaribu tena. N ndiyo ya kuogopa. Kijiti kikibaki hapo, injini haijaungana na matairi, na hata ukiliacha gari kwenye gia litaondoka lenyewe mteremkoni. Vuta breki ya mkono kwanza, kila mara.

Kwenye mchanga wa pwani ya Msimbati mambo ni mengine. Mchanga unataka mwendo usiokatika, na nguvu nyingi kwa mwendo mdogo inachimba shimo chini ya tairi. Toa upepo ubaki kama psi 18 au 20, weka H4, namba mbili, usisimame ovyo. L4 iweke akiba ya siku limenasa, tena baada ya kufukua mchanga mbele ya matairi. Ukirudi lami, jaza upepo.

Kasoro ninayoiona kubwa ni kwamba haina difu ya katikati, ile inayoruhusu matairi ya mbele na ya nyuma yazunguke kwa kasi tofauti. Ukikata kona, matairi ya mbele yanapita njia ndefu kuliko ya nyuma, lakini fowili, yaani matairi yote manne kupewa nguvu, imeyafunga yazunguke sawa. Kwenye tope yanateleza kidogo na tofauti inaisha. Kwenye lami kavu mkazo wote unaishia kwenye propela na transifa, usukani unakuwa mzito, gari linajikaba. Ukiikuta lami, rudisha H2. Prado zenye fowili ya muda wote zina difu hiyo na kwa hilo zinaishinda. RAV4 na Vanguard hazina L4 kabisa. Za mjini nzuri, bondeni masika sizishushi. Zaidi ya hapo hardtop inakunywa dizeli, na mgongo utajua umepanda springi ngumu.

Ukienda kununua iliyotumika, usikubali kuijaribu kwenye lami tu. Tafuta uwanja wa mchanga, funga habu, weka L4, nenda mbele na nyuma, sikiliza kama transifa inalia au kijiti kinaruka. Iliyokaa mjini siku zote kijiti huwa kimekuwa kigumu. Toyota wenyewe wanashauri gari litembezwe kwenye fowili angalau kilomita 16 kila mwezi, oili ifike kila mahali. Yangu naitembeza hata kiangazi, kwenye njia za mchanga za mikorosho. Kisha mwombe fundi afungue oili ya transifa na ya difu ya mbele. Ikitoka nyeupe kama maziwa, maji yameshaingia: omba bei ishuke ya kutosha kufanyia matengenezo, au tafuta nyingine.