"Dillinger" (1991): kabla hujaichukua

Kwa wanaokodi filamu Mwanga na Ujiji: hii ya runinga, Mark Harmon akiwa John Dillinger, jambazi wa benki wa Marekani, inafaa sana. Ila ilipigwa kwa umbo la 4:3, la runinga za zamani zinazokaribia mraba. Kibandani ikitandazwa kwenye skrini pana ya 16:9, nyuso zinapanuka. Mwambie mwenye banda arekebishe kwenye rimoti kabla ya kuanza.

Tafsiri za juu ya sauti hukosea jambo moja: huwaita waliomsaka FBI, kumbe jina hilo la makachero wa serikali kuu ya Marekani lilianza 1935, Dillinger ameshauawa Chicago Julai 22, 1934. Kisa chenyewe kimejaa sheria. Alipotoroka jela ya Crown Point, jimbo la Indiana, Machi 3, 1934, aliiba gari la sherifu akavuka nalo hadi Illinois. Kuvusha gari la wizi mpaka wa jimbo ndiko kulikowapa makachero wa serikali kuu kibali cha kumsaka.