SansAmp Bass Driver DI: besi yangu imepata kifua

Hapa kanisani Jinja nilikuwa nachomeka besi moja kwa moja kwenye mikisa, sauti inatoka kavu kama bati. Sasa natumia SansAmp Bass Driver DI ya Tech 21, pedali inayoiga amplifaya ya vali (ile ya mirija ya kioo) na kupeleka sauti moja kwa moja kwenye mikisa. Utamu wote uko kwenye kitasa cha Blend: ukikizungusha hadi mwisho unasikia mwigo mtupu, ukikirudisha, sauti halisi ya gitaa inarudi. Mimi nakiacha katikati na Drive, kitasa cha mngurumo, kidogo tu, maana nyimbo zetu zinataka besi inayotembea, si inayonguruma. Presence, kitasa cha sauti kali za juu, naipunguza sana, la sivyo kila mkwaruzo wa kidole unasikika. Inakubali betri ya volti 9. Jumapili iliyopita amplifaya ilibaki nyumbani; nilikuja na boda, gitaa mgongoni, pedali kwenye begi.