Spea za Fuso ya Zamani: Kipi Kwanza, Kipi Mwisho

Kabla hujateremka Gerezani, Dar es Salaam, kununua spea, washa tochi usome namba ya injini kwenye bloku yenyewe. Kadi ya gari usiiamini. Fuso hizi zimebadilishwa injini hadi basi, na injini za 6D14, 6D15 na 6D16 zinafanana kama watoto wa tumbo moja: pistoni zote zinatembea milimita 115, ila vipenyo vya silinda ni 110, 113 na 118. Niliwahi kununua seti ya ringi za pistoni kwa kusoma kadi. Fundi alipoingiza ya kwanza, ilicheza kwenye silinda kama bangili ya mama mkononi mwa mtoto. Dukani nikaoneshwa kibao: bidhaa iliyouzwa hairudishwi.

Kwangu namba moja ni spea mpya za viwanda vya Japani vinavyouza kwa majina yao: Koyo au NSK kwa beringi, Exedy kwa klachi, NPR kwa ringi, Seiken kwa raba za breki. Tatizo feki ni nyingi. Boksi achana nalo, tazama maandishi kwenye beringi yenyewe. Yakikwanguka kwa kucha, mrudishie mwenyewe.

Namba mbili, na najua mtabisha, ni mtumba wa Japani, lakini kwa chuma kizito tu: gia boksi, difu, krenki, silinda hedi. Gia boksi, mwambie muuzaji afungue nati ya kumwagia oili, chovya kidole. Oili ikimetameta, gia zinalika humo ndani. Hedi iwekee rula uone kama imepinda, halafu chungulia katikati ya valvu, maana nyufa huanzia hapo. Silii, hosi na raba za mtumba usichukue hata za bure.

Spea za China na India ni namba tatu. Taa, vioo vya pembeni, bampa, chukua bila kuwaza. Pampu ya maji nunua, ila safari ya mbali beba na ile ya zamani.

Mwisho ni kukerezesha, yaani kuchongesha spea kwa fundi. Bushi na pini za springi zinatoka safi. Za stelingi na breki, hapana.

Na popote uendapo, beba spea iliyokufa mkononi. Picha ya simu huwezi kuipima kwa kalipa, kile kifaa cha kupimia vipenyo.