TESSA kwa mwalimu wa Masasi: moduli za bure na fedha zilizozizaa

Walimu wa shule za msingi katika mikoa ya Mtwara na Lindi tumezoea mafunzo kazini yanayokuja kwa msimu: mradi unazinduliwa, wawezeshaji wanafika na mabango yao, posho inalipwa, kitini kinagawiwa, kisha mkataba wa mfadhili unamalizika na kitini kinabaki kabatini kwa mwalimu mkuu. Moduli za TESSA, ambazo ndizo ninazozitathmini hapa, zilipatikana kwa njia nyingine, na naamini njia hiyo ndiyo iliyozipa sifa zake nzuri pamoja na kasoro yake kubwa.

TESSA ni mpango wa elimu ya ualimu kwa nchi za Afrika kusini mwa Sahara ulioanza mwaka 2005 chini ya uongozi wa Open University ya Uingereza, kwa ushirikiano na vyuo vya nchi tisa, Tanzania ikiwamo kupitia Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Miongoni mwa waliotoa fedha ni William and Flora Hewlett Foundation ya Marekani na Allan and Nesta Ferguson Charitable Trust ya Uingereza. Fedha za taasisi kama Hewlett zina utaratibu wake: mtaji wa msingi huwekezwa na kuachwa uendelee kuzaa, na kinachotumika kila mwaka ni sehemu ndogo tu. Sheria ya Marekani inazitaka taasisi binafsi za namna hiyo zitoe takribani asilimia 5 ya thamani ya mali zao kwa mwaka, na vyuo vikuu vyenye mifuko ya wakfu navyo kwa kawaida hutumia kati ya asilimia 4 na 5. Mtoaji wa aina hii hasukumwi na bajeti inayokwisha mwezi Juni, kwa hiyo anaweza kulipia kazi ya polepole, kama vile kuandika moduli, kuzijaribu darasani na kuzitafsiri kwa Kiswahili.

Kwa watu wa kusini jambo hili si geni kabisa. Tuliwahi kuwa na mfuko wa wakfu wa kuendeleza zao la korosho, ambao ulitengewa asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje, mpaka mabadiliko ya sheria ya mwaka 2018 yalipoelekeza ushuru wote katika Mfuko Mkuu wa Serikali. Mfuko ule ulitegemea ushuru wa kila msimu badala ya faida ya mtaji uliowekezwa, ndiyo maana uamuzi mmoja wa Bunge ulitosha kuukatia pumzi. Moduli za TESSA zimenusurika na hatari ya namna hiyo kwa sababu moja ya msingi: zilitolewa kwa leseni huria inayomruhusu mtu yeyote kuzipakua, kuzinakili, kuzirekebisha na kuzigawa bila kulipa, mradi amtaje mwandishi wa awali na naye agawe marekebisho yake kwa masharti hayohayo. Hata fedha zote zikikauka kesho, nakala iliyomo kwenye kompyuta ya kituo cha walimu itabaki kuwa halali kutumiwa.

Kwa shule ya msingi zipo moduli kumi na tano zenye sehemu 75, zikigawanyika katika maeneo matano: kusoma na kuandika, hisabati, sayansi, stadi za maisha, na maarifa ya jamii pamoja na sanaa. Kila sehemu inaeleza mbinu moja ya kufundishia kwa kutumia visa vya walimu, shughuli za kufanya na wanafunzi, na nyenzo za ziada. Ubora wake mkubwa umo katika mpangilio huo. Mwalimu haambiwi tu kwamba ufundishaji uwe shirikishi, maneno ambayo tumeyasikia katika kila semina mpaka yamepoteza ladha, bali anasimuliwa jinsi mwalimu fulani alivyoyapanga madawati, alichowauliza wanafunzi, mahali somo lilipokwama, na alichobadilisha siku iliyofuata. Kisha anapewa shughuli ya kujaribu mwenyewe. Nikiwa mtu niliyesoma ualimu kwa kunakili madondoo ya falsafa ya elimu ubaoni, naona hii ni njia ya heshima zaidi ya kumfundisha mtu mzima.

Moduli ninayoipenda kuliko zote ni ile ya kusoma na kuandika inayohusu kutumia sauti za jamii darasani. Humo mwalimu anaelekezwa namna ya kukusanya hadithi, mashairi na michezo ya watoto kutoka kwa watu wanaoizunguka shule, kuviigiza, na hatimaye kuvigeuza kuwa vitabu vidogo vya kusomwa na wanafunzi wenyewe. Kwa shule zetu mbinu hiyo inajibu shida ya kweli. Mtoto wa Darasa la Tatu huko Newala au Nachingwea mara nyingi amekulia katika Kimakonde, Kimakua, Kiyao au Kimwera, na vitabu vya ziada vya Kiswahili ni vichache. Lakini bibi yake ana ngano na vitendawili visivyokwisha. Bibi akialikwa shuleni akasimulia, wanafunzi wakaiandika ngano hiyo kwa Kiswahili kwa vikundi na kuichora, darasa linapata kitabu ambacho hakikununuliwa na ambacho kila mtoto anakijua kabla hajafungua ukurasa wa kwanza. Mwalimu mwenzangu mmoja aliyewahi kuifanya shughuli hii alilalamika kwamba wazee walipoanza kushindana kusimulia, kipindi cha hisabati kilimezwa. Nililichukulia hilo kuwa sifa.

Katika hisabati, moduli ya vipimo na takwimu inawataka wanafunzi wakusanye takwimu wenyewe badala ya kutumia za kitabuni. Ukiwa Masasi au Tandahimba wakati wa msimu, takwimu zimebandikwa kwenye ubao wa chama cha msingi cha ushirika: bei za mnada, kilo zilizopokelewa ghalani, makato. Mtoto ambaye haoni maana ya grafu ya mihimili huiona mara moja inapohusu korosho za baba yake. Moduli haitaji minada yetu, lakini inaacha nafasi ya kuiingiza.

Zipo pia nyenzo za jumla zisizofungamana na somo moja, zikiwamo za kuuliza maswali yanayochochea fikra, kazi za vikundi, na kufundisha darasa kubwa. Hii ya mwisho isomwe kwanza, kwa sababu shughuli nyingi za moduli zinasomeka kana kwamba mwalimu ana wanafunzi anaoweza kuwazungukia wote, na mwenye darasa la watoto themanini atalazimika kuzipunguza.

Sasa kasoro. Moduli ziliandikwa kabla ya mabadiliko ya mtaala wetu, na mtaala uliorekebishwa mwaka 2023 ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa elimu ya awali, Darasa la Kwanza na la Tatu. Mwalimu anayetaka kutumia sehemu fulani lazima aipatanishe mwenyewe na muhtasari, azimio la kazi na andalio la somo, kazi inayochukua jioni nzima na ambayo hakuna anayemlipa kuifanya. Fedha za wakfu zililipia kuzaliwa kwa moduli. Malezi yake katika kila wilaya hayakuwa na mlipaji wa kudumu. Lugha nayo ni nzito mahali pengi, sentensi zikionyesha wazi kwamba zilifikiriwa kwa Kiingereza, na mwalimu aliyechoka huweza kuacha kusoma kabla hajafika penye shughuli. Aidha, kuzisoma hakukupandishi daraja, jambo ambalo watunga sera hulisahau wanaposhangaa kwa nini walimu hawajisomei.

Mradi wa EQUIP-Tanzania, uliofadhiliwa na serikali ya Uingereza na ambao Lindi ilikuwa miongoni mwa mikoa yake, ulikuwa na kile ambacho TESSA haina: watu waliofika shuleni, wakaketi na walimu, wakafuatilia. Ulikuwa pia na tarehe ya mwisho. Kwa maoni yangu moduli hizi zinafaa kuingizwa katika vikao vya jumuiya za ujifunzaji chini ya MEWAKA (Mafunzo Endelevu ya Walimu Kazini), ambako tayari kuna ratiba na wenzako wa kukuuliza ulifanya nini. Mwalimu anayezisoma peke yake atachuma kidogo. Walimu wanne wanaochagua sehemu moja, wakaifundisha na kurudi kujadiliana, watachuma vya kutosha. Ushirikiano wa vyuo vyetu vya ualimu, Mtwara, Kitangali na Nachingwea, ungeweza kuwapa wanachuo kazi ya kuzipatanisha na muhtasari mpya, kwa kuwa leseni inaruhusu na gharama kubwa ilishalipwa. Mwaka 2011 Harvard ilipokea dola milioni 40 kutoka kwa Rita na Gustave Hauser ili kuboresha ufundishaji ndani ya chuo chenyewe. Kupatanisha moduli hizi hakuhitaji hata chembe ya fedha hizo.

Anayetaka kuanza apakue faili za Word badala ya PDF, kwa kuwa hizo zinarekebishika, na azihifadhi mahali pasipohitaji mtandao. Waliokuwa kusini Mei 2024, nyaya za intaneti za baharini zilipokatika, hawahitaji kuelezwa sababu. Wa msingi aanze na moduli ya sauti za jamii, na walimu wa sayansi wa sekondari watafute moduli zao katika Kiingereza.