Silikoni ya tyubu kwenye boksi la spika, nimeijaribu

Haya wazee, karibuni tena, leo niko na hii tyubu ya silikoni, mnaiona, ni ile ile ya mafundi wa madirisha na mabomba, nimeichukua Ndeeba, hapa Kampala, siku nilipofuata mbao, maana mmeniuliza sana kama inafaa kuziba boksi la spika au tunajidanganya tu.

Boksi lenyewe hili hapa, MDF, zile mbao za unga wa mbao uliobanwa, ya milimita 18, wufa, yaani spika ya besi, ya inchi 12, halina tundu, limefungwa kote. Sasa boksi la hivi ile hewa ya ndani ndo springi ya wufa, ikipata pa kutorokea besi inalegea na kila ngoma ikigonga unasikia fyuu, fyuu, banange inaudhi, unaanza kusema wufa imeungua kumbe ni kaupenyo ka uzi.

Inakamulika vizuri, inaingia kwenye kona, na ikikauka inakuwa kama mpira kwa hiyo boksi likitikisika haipasuki, hapo sina neno. Shida ni harufu. Hii yangu inanuka siki, na hiyo ni asidi inayotoka wakati inakauka, inakula shaba, inakula chuma, kwa hiyo usije ukapaka jioni ukafunga wufa hapo hapo ukaenda kulala. Mimi niliacha boksi wazi siku mbili, mama watoto akaniuliza kama nimeanza biashara ya achari. Dukani ukikuta ile isiyonuka siki chukua hiyo, hata kama imezidi hela kidogo.

Halafu jamani hii si gundi! Mbao zishikwe na gundi nyeupe na skrubu, silikoni inakuja mwisho, kwa ndani tu, maana ukiigusisha nje rangi haishiki, vanishi haishiki, hata gundi yenyewe ukitaka kurekebisha haishiki, ni kuparua mpaka uchoke. Na kwa vile vinyufa vidogo mi bado naona gundi nyeupe ukiikoroga na vumbi la mbao ukapaka kwa kidole inaishinda hii, tena vumbi ni la bure.

Kupima sasa. Naweka toni ya hezi 40, mlio mzito wa besi, kutoka kwenye simu ipigwe na wufa, sauti ya chini, napitisha udi unaofuka taratibu pembeni... kona hii moshi umetulia, hii pia, haya tuje nyuma kwenye soketi ya waya, ona ona, unaona moshi unavyorukaruka? Nimehangaika na kona siku nzima kumbe hewa inatokea kwenye kaplastiki! Hapo na kwenye ukingo wa wufa msiweke silikoni, siku ya kuitoa mtailia, bandikeni utepe wa sponji ule wa milango.

Boksi lote limekula nusu tyubu. Iliyobaki niliziba mdomo na msumari, wiki ya pili sasa, ngoja niikamue tuone... aah, imeganda.