Kwa wanaofunga korosho, karanga na viungo: duka la vifungashio Chikongola, Mtwara

Wafanyabiashara wadogo wenzangu wa Mtwara, hili duka nimelitumia miezi kadhaa sasa naona nilisemee. Liko huku Chikongola, wanauza mifuko, vikopo, chupa za asali, wanachapa stika na wanakuzibia mzigo wako kwa mashine. Mwenye duka ni dada mtu mzima kidogo, mkali, lakini ukali wake una faida kwako.

Mimi nakaanga korosho. Siku ya kwanza nilitaka mifuko 500 ile ya zipu inayosimama, maana niliona wenzetu wa Dar wanafungia hiyo. Dada akaniuliza, "Mdogo wangu, pakiti yako gramu ngapi?" Nikamwambia nakadiria kwa kiganja. Akagoma kuniuzia, hela ninayo mkononi kabisa, akasema niletee kwanza pakiti kumi ulizokwisha funga. Nikarudi nazo akaziweka kwenye mzani, moja gramu 85, nyingine 120, na zote nauza 2,000.

Afu akaanza kunihoji na kuandika. Kilo 5 za korosho zilizobanguliwa nilinunua 18,000 kwa kilo, hiyo 90,000. Mkaa, chumvi na bodaboda 7,500. Jumla 97,500. Sasa ukishakaanga zinakauka, mimi zilibaki kama kilo 4 na robo tatu, kwa hiyo kila gramu imenigharimu kama shilingi 20 na nusu, yani pakiti ya gramu 100 ni 2,050 kabla ya mfuko, kabla ya stika na kabla sijajilipa mwenyewe, na mimi naiuza 2,000! Nilikuwa nalalamika mtaji unakata, mama mdogo akawa anasema ni chuma ulete, kumbe ni kiganja changu. Siku hiyo niliumia sana.

Tukapanga saizi mbili. Gramu 50 kwa 1,500, na gramu 100 kwa 3,000. Mfuko wa kawaida wa ile ndogo 120 na stika 80, inabaki kama 270. Ile kubwa inabaki kama 700, na ndio abiria wa mabasi ya Dar wanayoichukua ya zawadi. Vipande navifunga peke yake, watengeneza keki wanavitaka kwa bei nafuu. Nilidhani wateja watanikimbia, wachache walinikimbia kweli, ila waliobaki wananilipa bei inayonirudisha sokoni.

Kingine alichonisaidia ni stika. Alikataa kuchapa jina na ua tu, akataka uzito, viambato, tarehe ya kutengenezwa, mwisho wa kutumika na namba ya simu, akanielekeza nianzie ofisi ya SIDO, lile shirika la viwanda vidogo, hapa hapa Mtwara kabla ya kwenda TBS, shirika la viwango. Na nilipomwambia kuhusu ile mikopo ya halmashauri isiyo na riba, ile asilimia 10 ambayo 4 ni ya wanawake, 4 vijana na 2 watu wenye ulemavu, alisema jiungeni kikundi ndio, ila usichukue mkopo kabla bei yako haijakaa sawa, utakopa ili uzibe hasara. Akaniambia pia ninunue kwa wabanguaji wanaojulikana, nisije nikaingia kangomba, ule ununuzi wa magendo, kwa tamaa ya korosho ghafi za bei chee msimu ukianza Oktoba.

Mapungufu yapo. Bei zake ziko juu kidogo, mfuko anaouza 120 sokoni nimeupata kwa 90, japo wa sokoni ulinipasukia kwenye mshono na korosho zikalegea kwa hewa ya bahari. Mashine ya kuzibia ni moja, umeme ukikatika mnakaa foleni mnaangaliana, mara moja nimekosa basi la asubuhi kwa sababu hiyo na mzigo ulikuwa na oda. Stika hachapi chini ya 100 na anasema kesho unapata keshokutwa. Hilo arekebishe, nimeshamwambia mwenyewe.

Ukienda wahi asubuhi kabla watu wa asali hawajajaa, beba pakiti zako mbili tatu na karatasi ya ulichonunulia kila kitu mpaka nauli, maana atakuuliza.