Cheni ipi ununue kwa chenso yako: mwongozo wa Mwanza na visiwani

Kabla ya kuuliza bei, hakikisha cheni itaingia. Vipimo ni vitatu: pichi, geji na idadi ya vidole vya chini, vile vinavyopita ndani ya mfereji wa baa, yaani ule ubapa mrefu wa chuma ambao cheni huuzunguka. Pichi ni nafasi kati ya ripiti, vile vipini vinavyounga viungo vya cheni. Pima kutoka ripiti ya kwanza hadi ya tatu, gawanya kwa mbili: 8.25 mm ni pichi ya inchi .325, 9.3 mm ni 3/8, na 10.26 mm ni .404. Geji ni unene wa kidole, mara nyingi 1.3, 1.5 au 1.6 mm. Stihl hupiga tarakimu kwenye kidole chenyewe: 3 maana yake 1.3, na 6 maana yake 1.6. Cheni ya 1.3 ukiivisha baa ya 1.6 itacheza mferejini na kukata upande. Vidole vihesabu kimoja kimoja. Baa mbili za inchi 18 zinaweza kudai idadi tofauti.

Nafasi ya kwanza tunaipa cheni ya kona ya mviringo, ambayo jino lake limeviringwa pale ubapa wa juu unapokutana na ubavu. Huku kwetu adui mkubwa wa cheni ni mchanga. Gogo limeburutwa ufukweni, mwembe umeota katikati ya mawe na gome limejaa changarawe, mkaratusi umekauka hadi unalia. Kona ya mviringo inakata taratibu kidogo, lakini haipotezi makali upesi na inanoleka kwa tupa hata ukiwa shambani. Kwenye mvule ndiyo ya lazima: ndani ya mti huo mara nyingine mna madonge ya chokaa, magumu kama jiwe, na cheni ya kona kali ikigonga donge moja imekwisha.

Ya pili ni cheni ya kupasulia mbao. Jino lake limenolewa kwa pembe ya nyuzi 10 hivi badala ya 30, kwa sababu linafuata nyuzi za mti badala ya kuzikata. Mbao hutoka nyororo na mashine haitetemeki. Usiinunue kama kazi yako ni kuangusha miti na kukata kuni, itakuchosha. Na mashine iwe na nguvu, tuseme Stihl MS 381 au inayolingana nayo, kwani kupasua gogo refu kunakamua injini bila kuipumzisha.

Ya tatu, kona kali. Kwa misonobari mibichi na misafi, kama ya mashamba ya Buhindi na Rubya, hakuna inayoifikia kwa kasi. Ikigusa udongo mara moja tu, simama unoe. Cheni zenye meno machache, yaliyoachana, zinafaa baa ya inchi 24 na kuendelea, ambako vibanzi hukosa pa kutokea. Kwa baa fupi hazikusaidii. Mwisho kabisa ni cheni yenye ncha za kabidi, kitu kigumu kuliko chuma: ni ghali, na tupa ya kawaida haiigusi, inataka jiwe la almasi.

Cheni nzuri iliyonolewa vibaya inashindwa na ya bei ndogo iliyonolewa vizuri, kwa hiyo nunua tupa siku hiyohiyo: 4.8 mm kwa .325, 5.2 au 5.5 mm kwa 3/8 kulingana na mtengenezaji, 5.5 mm kwa .404. Sukuma kutoka ndani ya jino kwenda nje, usirudishe tupa ikiwa imegusa chuma. Sehemu ya tano ya kipenyo cha tupa ibaki juu ya ubapa wa jino. Shika pembe ya nyuzi 30 kwa mti mbichi. Kwa mgumu mkavu shuka hadi 25, makali yatadumu zaidi. Tafuta jino fupi kuliko yote, kisha leta mengine yote kwenye urefu huo. Meno ya upande mmoja yakiwa marefu, chenso itavuta kuelekea upande huo hata ukiikaza mkono.

Wengi husahau nundu iliyo mbele ya kila jino. Ndiyo inayoamua jino lizame kiasi gani, na jino likilika kwa tupa nundu inabaki juu. Hapo unapata vumbi badala ya vibanzi ingawa jino ni kali. Ishushe kwa tupa bapa hadi iwe chini ya jino kwa 0.65 mm (0.8 mm kwa .404), ukitumia kipimio, si jicho. Ukipitiliza, cheni inang'ang'ania mti mgumu na chenso inapiga teke.

Kaza cheni ikiwa imepoa, ncha ya baa ikiwa imeinuliwa: ikumbatie baa chini lakini izunguke kwa mkono. Mpya hurefuka, ikague mara kwa mara saa ya kwanza. Ukimaliza kazi ilegeze, maana ikipoa hujikunja na kubana shafti, mhimili wa injini. Oili chafu ya injini usiitie kwenye tangi la oili ya cheni. Ina chembe za chuma zinazosaga baa na pampu. Spoketi, gurudumu la meno linaloizungusha cheni, ikiwa na alama za kulika zaidi ya 0.5 mm ibadilishe kabla ya kuvisha cheni mpya, la sivyo pichi ya cheni hiyo itaharibika ndani ya wiki chache.